Kutia nakshi kwenye modeli za 3D: tuliyofunzwa na nozeli

Picha ya mlango si nakshi ya mlango. Kosa hili hulifanya karibu kila anayeanza: anasimama mbele ya mlango wa Mji Mkongwe au wa Lamu, anaupiga picha kwa simu, anaigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, anaitia kwenye programu inayosoma mwanga kama mwinuko, kisha anashangaa waridi limetoka kwenye printa ya 3D kama uso wenye ndui. Programu haina kosa. Imeambiwa penye weupe pameinuka na penye weusi pamezama, nayo imetii. Lakini weusi wa kwenye picha ni kivuli. Jua likitoka kushoto, bega la kushoto la kila jani linang'aa na la kulia linafifia, kwa hiyo jani zima linageuka mteremko mmoja unaoishia kwenye handaki. Doa la mafuta kwenye mbao linakuwa bonde. Njumu ya shaba inayoakisi jua inakuwa mwiba.

Kwa hiyo picha tunaitumia kama karatasi ya kufuatishia tu. Simama mbele ya mlango sawasawa, rudi nyuma hatua tano au sita, kisha kuza kwa lenzi; ukiusogelea mno, miimo ya kushoto na kulia hupinda kama mbavu za pipa. Siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua kali, maana mpaka wa kila jani unaonekana bila kufunikwa na kivuli cha jirani yake. Picha iingie Inkscape, programu ya kuchorea mistari, ifungwe isisogee, na mistari ichorwe juu yake kwa mkono. Ni wewe unayeamua kipi kimeinuka na kwa kiasi gani. Waridi la majani manane halihitaji kuchorwa mara nane: chora jani moja, lizungushe kwa nyuzi 45. Ila mchongaji wa zamani alitumia patasi na macho yake, na majani ya waridi moja hayalingani kabisa. Sisi huchora majani mawili yanayotofautiana kidogo na kuyapokezanisha. Mtazamaji hajui ni nini alichokiona, lakini bamba haliwi kama kigae cha bafuni.

Wapo wanaopita njia nyingine: wanapiga picha sitini au sabini kuuzunguka mlango na kuziunganisha kwa programu hadi wapate umbo lake halisi. Umbo linapatikana kweli. Tatizo linakuja kwenye kulipunguza. Mchongo wenye kina cha mm 15 ukishushwa mara kumi unabaki mm 1.5, hapo hakuna neno. Mfereji wenye upana wa mm 3 unabaki mm 0.3, na huo nozeli, yaani mdomo wa printa unaotoa plastiki, haiupiti. Nakshi haipungui kama ramani. Ikibadilika ukubwa ni lazima ichorwe upya: majani machache zaidi, mifereji mipana zaidi kuliko uwiano unavyodai.

Tuanze basi na nozeli, maana ndiyo inayotoa ruhusa. Printa nyingi za filamenti, yaani uzi wa plastiki unaoyeyushwa, huja na nozeli ya mm 0.4, na mstari inaoulaza una upana wa mm 0.42 hadi 0.45. Kila kitu kwenye mchoro kipimwe kwa mstari huo. Shina, mshipa wa jani au pete ya mnyororo iwe na upana wa mistari miwili, yaani mm 0.9 hivi, ya mstari mmoja hutoka, lakini hung'oka kwa ukucha. Mfereji kati ya jani na jani usipungue mm 0.8. Ukiuchora wa mm 0.5 utauona vizuri kwenye skrini, ila plastiki ikilazwa hutanuka kidogo kila upande, na kinachobaki ni mkwaruzo. Tangu 2022, slaisa, yaani programu zinazoikata modeli kuwa matabaka ya kuchapishwa, kama Cura kuanzia toleo la 5.0 na PrusaSlicer kuanzia 2.5 zina mbinu iitwayo Arachne, inayobadilisha upana wa mstari kadiri umbo linavyobana. Imeokoa ncha nyingi za majani zilizokuwa zikipotea. Mfereji mwembamba haiuokoi.

Nozeli ya mm 0.2 inashusha vipimo hivyo karibu nusu, kwa gharama ya muda mrefu mno na kuziba kwa urahisi. Printa za resini, yaani utomvu unaogandishwa kwa mwanga, zinachora vitu vidogo kuliko hivi vyote, na kwa pete au hereni hatubishani nazo. Kwa bamba la ukubwa wa daftari hatuoni sababu.

Kabla ya kuchora mstari wa kwanza, amua modeli italala au itasimama kwenye printa. Wengi huliacha swali hili hadi mwisho, na huo ndio mwanzo wa kurudia kazi yote. Bamba likilala chali, kina cha nakshi kinakatwa na matabaka: kwa tabaka la mm 0.2, nakshi ya mm 1.2 ina ngazi sita tu, basi. Bamba likisimama, kina kinachorwa na mwendo wa kichwa cha printa wa kushoto na kulia, ambao ni laini kuliko tabaka lolote. Ndiyo maana picha za kuangaziwa taa kwa nyuma huchapishwa zikiwa wima. Lakini bamba lililosimama huchukua muda, hutikisika likirefuka, na ukingo wa chini wa kila jani unabaki ukining'inia hewani. Nakshi yenye ngazi mbili tatu za wazi, kama mnyororo, waridi la kukatwa na misitari ya fremu, ilale. Uso wa mtu au tunda la mviringo, isimame, na kila ukingo unaotazama chini ukatwe kwa mshazari wa nyuzi 45 ili mstari mpya upate pa kukalia.

Kwa bamba la kulala, adui ni mteremko mpole. Fikiria jani lililobinuka taratibu kwa nyuzi 10. Kwa tabaka la mm 0.2, kila ngazi inakuwa na upana wa mm 1.13. Jani la mm 10 litakuwa na ngazi kama matuta ya mashamba ya Usambara, na jicho litaona matuta kabla ya kuona jani. Ukishuka hadi tabaka la mm 0.1 ngazi zinakuwa za mm 0.57, bado zinaonekana. Mteremko wa nyuzi 45 una ngazi za mm 0.2 tu, na hizo hazisumbui. Kwa hiyo uso wa nakshi uwe ama tambarare kabisa ama wenye mteremko mkali. Wa katikati uepukwe.

Na hapa wachongaji wa pwani walitutangulia. Milango ya kale ya Siyu, katika kisiwa cha Pate, imejaa nakshi za kukatwa kwa patasi: mifereji yenye umbo la V, pembetatu, maua yaliyozungushwa kwa bikari. Plasta ya chokaa kwenye zidaka za nyumba kongwe za Lamu nayo imekatwa kwa mshazari kuelekea ndani. Mikato hiyo inaingia kwenye printa bila ugomvi. Mfereji wa V wenye upana wa mm 1.6 na kuta za nyuzi 45 unashuka mm 0.8, yaani matabaka manne, na kila ukuta unashika mwanga kwa namna yake. Milango ya Unguja yenye maua yaliyojaa na majani yaliyobinuka ni migumu zaidi. Hiyo tunaibana kwanza: mgongo wa jani tambarare, mfereji wa V katikati yake kama mshipa, kingo za mshazari. Ukisimama mbali kidogo unaliona jani lililobinuka.

Sasa tuchukue bamba moja kamili: mm 120 kwa 180, la kutundika ukutani. Kitako kina mm 2.4. Juu yake ardhi ya nakshi ni sifuri, mshipa na vitu vidogo mm 0.4, majani ya nyuma mm 0.8, waridi na mnyororo mm 1.2, na fremu ya nje mm 1.6. Vimo vyote vinagawanyika kwa 0.2, na hilo ni la makusudi. Ukiandika mm 0.9 kwa tabaka la 0.2, slaisa itachagua matabaka manne au matano bila kukuuliza, na majani mawili uliyoyapa vimo tofauti yatatoka sawa. PrusaSlicer inaruhusu matabaka ya unene tofauti katika modeli moja: kitako kiende kwa 0.2, nakshi kwa 0.1. Muda unaongezeka kidogo, na tofauti unaiona.

Fremu ya nje iwe tupu, bila nakshi, kwa upana wa mm 3. Inalinda kingo zisiumie mkononi, na ina kazi nyingine tutakayoifikia.

Kisha pindo. Anayejua kanga anajua kwamba pindo ndilo linaloubeba mji, na kwamba uhodari wa mchoraji unaonekana kwenye kona. Kwenye modeli ni hivyohivyo: watu huanza na mstari wa maua kutoka kushoto, wanafika kona wakiwa na ua nusu, wanalikata. Anza na kona. Tuseme pindo lina upana wa mm 16 likipimwa kutoka ukingo wa bamba pamoja na fremu. Weka kona nne za mraba wa mm 16, kila moja na ua lake lililojitosheleza. Kinachobaki kati ya kona ni mm 88 kwa upande mfupi na mm 148 kwa mrefu. Gawa 88 kwa 6, unapata 14.67. Gawa 148 kwa 10, unapata 14.8. Tofauti ni ya mm 0.13, haifiki asilimia moja. Nyoosha ua kwa kiasi hicho na hakuna atakayejua.

Kuifikisha michoro hiyo kwenye modeli kuna njia mbili, na kila moja ina mahali pake.

Njia ya kwanza ni ya vekta. Mchoro wa SVG, yaani faili ya mistari kutoka Inkscape, unaingizwa Blender, programu ya kujengea modeli, kila kimo kinainuliwa peke yake, kisha vipande vinaunganishwa na kitako. Kingo zinatoka kali. Kosa la kawaida ni kulikalisha jani juu ya kitako uso kwa uso, sifuri kwa sifuri. Nyuso mbili zikiwa mahali pamoja, hesabu ya kuunganisha inachanganyikiwa: unapata matundu, pembetatu zilizopinduka, wakati mwingine nusu ya waridi inatoweka. Zamisha kila kipande mm 0.4 ndani ya kitako ndipo uunganishe. Asiyetaka Blender kabisa atumie PrusaSlicer ya 2.7 au mpya zaidi, inayopokea SVG moja kwa moja na kuibandika juu ya modeli, hata iliyopinda.

Njia ya pili ni ya picha ya kijivu, ambapo kila kivuli cha kijivu kinasimamia kimo. Inafaa kwa maumbo laini na kwa modeli zilizopinda. Kwa bamba letu, mm 1.6 ni nyeupe kamili, yaani 255. Basi mm 1.2 ni 191, mm 0.8 ni 128, mm 0.4 ni 64, ardhi ni 0. Toa picha kutoka Inkscape kwa dpi 254 (nukta 254 kwa inchi), maana hapo kila milimita inakuwa pikseli kumi kamili, na bamba linakuwa picha ya 1200 kwa 1800. Hifadhi kama PNG. Usitumie JPEG hata kidogo: inabana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kando ya kila ukingo inaacha vumbi la kijivu usiloliona kwenye skrini lakini nozeli inalihisi. Ardhi inatoka na chunusi.

Ndani ya Blender, tambarare ya 120 kwa 180 igawe kwanza miraba sita ya mm 60, mbili kwa tatu. Ukiacha mstatili mmoja, vigawanyo vyake navyo vitakuwa mistatili na nakshi itakuwa na ukali tofauti kwa wima na kwa ulalo. Weka Subdivision, amri ya kugawa nyuso, chagua Simple. Ile nyingine inakula kona zote za bamba. Kitelezi huishia 6, lakini ukiandika 8 kwa kibodi inakubali. Kwa 8 kila mraba wa mm 60 unagawanyika 256, sawa na mm 0.23 kwa kila hatua, na nyuso karibu 393,000. Inatosha kwa nozeli ya 0.4. Kwa 9 unapata mm 0.117 na nyuso zaidi ya milioni moja na nusu, na kompyuta ya kawaida inaanza kupumua kwa shida. Watu hudhani ukungu kwenye nakshi unaponywa kwa kugawa zaidi. Faili ya STL ya kawaida, inayopeleka modeli kwenye slaisa, inabeba baiti 50 kwa kila pembetatu: bamba letu kwa hatua ya mm 0.2 lina pembetatu milioni 1.08, kama megabaiti 54. Kwa mm 0.1 linafika megabaiti 216, na kitakachotoka kwenye nozeli ni kilekile.

Kisha Displace, amri inayosukuma uso kwa kufuata picha. Strength iwe 1.6 kama umepanga kipimo kimoja cha Blender kuwa milimita moja, na Midlevel, kijivu kisichosukumwa popote, iwe 0. Inapokuja ni 0.5, ambayo inasukuma weupe nje na weusi ndani kwa pamoja. Kwenye bamba nene hutaona tatizo. Kwenye kikombe chenye ukuta wa mm 2, nusu ya nakshi inakula ukuta kwa ndani, na unashangaa maji yanatokea wapi. Ramani ya picha iwekwe kwenye UV, inayofunga kila sehemu ya picha mahali pake kwenye modeli, vinginevyo picha inajipanga inavyotaka. Kabla ya kuamini chochote, chapisha kipande chenye miraba ya kijivu 0, 64, 128, 191 na 255, upime kwa vernia. Kama 128 haikutoka nusu ya 255, kuna programu njiani inayopinda rangi, na heri uijue kwa kipande cha dakika kumi na tano.

Udhaifu wa njia hii ni kingo za mshazari. Gridi ya modeli ina miraba, jani lina mviringo. Penye ukuta wima, mpaka unatoka na meno ya msumeno. Tia ukungu wa pikseli 2 au 3 kwenye picha, ukuta upate mteremko kidogo. Zaidi ya hapo vitu vyembamba vinaanza kushuka kimo, kwa sababu weupe wao unachanganyika na weusi wa jirani.

Sanduku lina mtego wake. Displace inasukuma kila nukta kuelekea inakotazama, na nukta ya ukingoni inatazama mshazari, katikati ya nyuso mbili. Nakshi ikifika ukingoni, kona inachanua kama kola ya shati. Ibakize mm 3 kutoka kila ukingo. Kwenye Blender hilo ni kundi la nukta lenye uzito 0 kingoni na 1 katikati. Kundi hilohilo linakinga ukuta wa ndani wa chombo usisukumwe.

Silinda tunaipenda, maana inasimama yenyewe na nakshi yake inapata ulaini wa wima. Chombo chenye kipenyo cha mm 80 kina mzingo wa mm 251.3. Ua letu la mm 14.8 linaingia mara 17 kwa mm 14.78, utadhani lilipimwa kwa ajili yake. Lakini kama pindo linapokezana, waridi, jani, waridi, jani, 17 ni witiri na mwisho wake waridi mbili zitakutana. Chagua 16 kwa mm 15.7 au 18 kwa mm 13.96. Kingine: silinda ya Blender huja na pande 32. Kwa kipenyo hicho, katikati ya kila upande imezama karibu mm 0.2 kutoka kwenye duara la kweli, kiasi cha kuonekana kama penseli chini ya nakshi yako. Andika 256 na pande hazionekani tena. Mshono, pale kila tabaka linapoanzia na kuishia, uuchore mwenyewe kwenye slaisa ndani ya mfereji kati ya ua na ua. Ukiiachia programu, itauweka kwenye ncha ya jani.

Maandishi ya Kiarabu yanahitaji adabu na vipimo pamoja. Kwenye vizingiti vya juu vya milango mingi ya Unguja kuna maandishi, mara nyingi aya na mwaka wa Hijria. Herufi ba, ta na tha zinatofautishwa kwa nukta tu. Nukta ya mm 0.6 haitoki, au inatoka na kung'oka wakati wa kusafisha, na neno linakuwa jingine. Nukta iwe na kipenyo kisichopungua mm 1.2 na pengo la mm 0.8 kutoka herufi yake. Programu nyingi za modeli hutenganisha herufi na kuzipanga kutoka kushoto. Andika Inkscape, geuza maandishi kuwa mistari, ndipo uyapeleke. Kabla ya kuchapisha, aitazame mtu anayeisoma khati. Na aya haiwekwi kwenye kitu cha kukanyagwa au cha kuwekea vikombe, hata mteja akiomba.

Ukihamisha faili, kumbuka STL haibebi vipimo, inabeba tarakimu tu. Modeli iliyojengwa kwa mita inafika kwenye slaisa ikiwa punje. Tumia 3MF, faili inayobeba vipimo, inapowezekana. Ndani ya Blender washa rangi za mwelekeo wa nyuso: kwa nje kusionekane wekundu. Kila penye wekundu, uso umepinduka, na slaisa inaweza kuamua hapo ni shimo.

Halafu slaisa yenyewe. Usitazame modeli, tazama hakikisho la matabaka. Kwa bamba letu vuta kitelezi hadi tabaka la 12, mahali ardhi inapokamilika, kisha panda moja moja. Shina ambalo halina mstari pale halitakuwa na plastiki mezani. Kitako kijazwe asilimia 100. Ujazo wa 15 unaacha ardhi ya nakshi imelegea na kubonyea kati ya majani, mahali ambapo huwezi kupiga msasa. Ile huduma ya kupiga pasi uso wa juu izimwe: inaburuta plastiki kwenye kingo na kujaza mifereji uliyoitolea jasho. Kata kona moja ya modeli, mm 40 kwa 40, uchapishe hiyo kwanza.

Kinachoharibu zaidi nakshi iliyochorwa vizuri ni visiwa. Kila jani lililojitenga ni kisiwa. Kichwa cha printa kinaruka kutoka kimoja hadi kingine mara mia kwa kila tabaka, na kila mruko unaacha uzi. Kisiwa kidogo hakipati muda wa kupoa, kinavimba, nozeli inakigonga, kinaondoka. Unganisha majani kwa shina, kama wachongaji wanavyofanya: tazama nakshi yoyote nzuri ya mlango, mmea unatambaa kutoka chini hadi juu bila kukatika. Nyanyua nozeli mm 0.2 hadi 0.4 kila inaporuka. Pwani, Tanga hadi Lamu, lawama kubwa ni ya unyevu: filamenti iliyokaa wazi wiki mbili za masika inatoa nyuzi hata mipangilio ikiwa sahihi. Ikaushe kulingana na aina ya plastiki: PLA kwa nyuzi joto 45 hadi 50 kwa saa nne hadi sita, na PETG kwa nyuzi joto 65.

Rangi ya filamenti inaamua kama nakshi itaonekana. Nyeusi inameza vivuli vyote. Ile ya kung'aa kama hariri inaonyesha kila mstari wa tabaka. Chagua isiyong'aa: udongo, kijivu cha wastani, maziwa. Ukitaka sura ya mbao, chapisha kwa hudhurungi, kisha pitisha akriliki nyeusi iliyozimuliwa kwa maji, sehemu tatu za maji kwa moja ya rangi, iache dakika moja, futa kwa kitambaa kikavu kidogo. Rangi inabaki mifereji tu. Inashika pia kwenye mistari midogo ya uso wa juu, na kwa bahati njema mistari hiyo ikielekezwa urefu wa bamba inaonekana kama nyuzi za mbao. Asiyeitaka apake vanishi kwanza.

Bamba la nje, kwenye ukuta unaopigwa na jua, lisiwe la PLA, inayolegea karibu nyuzi 60. PETG inavumilia hadi 80 hivi, na ASA karibu 100. La PLA likiachwa mchana ndani ya gari lililofungwa hurudi limepinda kama kigae cha paa, ingawa nakshi yenyewe mara nyingi hubaki nzima. Lizamishe kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika moja au mbili, lilaze chali juu ya kioo, na uweke uzito kwenye zile mm 3 za fremu tupu pande zote, usiguse nakshi, mpaka lipoe kabisa.